Niliweka programu ya kufuta barua zilizojirudia kwenye seva yetu ya Kasongo, ikameza barua tatu za Wamaza

Wakuu,

Leo mtanisamehe, naanza na shida. Salamu mtazikuta chini kabisa, na mkifika huko mtajua kwa nini nimezipeleka mwisho.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Sijayasikia kwa mtu wala sijayatia chumvi. Nimebadilisha majina tu, kwa heshima ya wenyewe.

Mimi ni mzee wa Kasongo, kusini mwa Maniema, Kongo. Nilimaliza sekondari enzi ambazo diploma ilikuwa kitu. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani yake, mtanivumilia. Wajuzi wa kompyuta humu kuna mahali mtacheka. Chekeni, ila msome mpaka mwisho.

Kazi ya maisha yangu ilikuwa phonie. Kwa msioijua, ni ile redio ya kuongea mbali, yenye waya mrefu juu ya paa na betri ya gari chini ya meza. Mtu akifiwa Kabambare, mtumbwi ukichelewa Nyangwe, dawa zikiisha Lusangi, sauti iliyopeleka habari ilikuwa yangu. Mpaka leo mtaani wananiita Papa Phonie.

Aliyenifundisha kazi hiyo alinipa sheria mbili.

Ya kwanza: salamu kwanza, shida baadaye. Huwezi kumwangukia mtu na msiba hata hujamjulia hali.

Ya pili: jambo zito linasemwa mara tatu. Hewani maneno yanapotea, kwa hiyo unarudia. Mwishowe kurudia kwenyewe kukawa ndiyo alama. Nikisikia kituo kinarudia mara tatu, nilikuwa naacha hata sahani ya wali nikamtafute anayetafutwa.

Wekeni hizo mbili mfukoni. Zote mbili zitarudi.

Phonie ilikufa kama wazee wanavyokufa, kidogo kidogo. Ushirika wa vituo vya afya niliokuwa nikiufanyia kazi (jina nalihifadhi) ukaleta seva ya barua pepe. Kila kituo kilipewa kompyuta ndogo, paneli ya jua, na kisahani cha satelaiti kilichofungwa kwenye paa. Hakuna kupiga simu pale, ni kuandika tu. Muuguzi akiandika, barua inaingia kwenye seva Kasongo. Mimi naisoma, naiandika kwenye daftari, na kama kuna mgonjwa wa kufuatwa namwita dereva wa pikipiki. Hiyo pikipiki ndiyo ambulansi yetu.

Kwa ufupi: barua isiponifikia, pikipiki haitoki.

Mhandisi aliyeifunga seva alitoka Bukavu, mama mmoja nitakayemwita Neema. Aliiwekea jibu la kujiendesha: kila barua ikiingia, mashine yenyewe inamjibu mwandishi palepale, "Ujumbe wako umepokelewa Kasongo." Siku anaondoka alinishika mkono.

"Papa, hii serveur haiko ya muziki, haiko ya filimu. Usitie kitu ndani mimi sijaona. Hata kiwe kizuri namna gani."

"Hata calculatrice ya kupigia hesabu?" nikamtania.

"Hata calculatrice, Papa. Unaniandikia kwanza."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilidhani ni mzaha, yeye alikuwa anasema kweli.

Sasa nikiri kosa la kwanza, ambalo halihusu kompyuta.

Barua za mwanzo ziliniudhi. Wauguzi waliandika kama watu waliogombana. "Tuma sindano." "Dawa imeisha." Hakuna habari gani, hakuna shikamoo. Nikaona aibu kwamba mambo ya phonie yamekufa mikononi mwangu. Nikatunga mistari mitatu, nikaiandika kwenye kadi kwa mwandiko wangu bora, nikapeleka nakala kila kituo ibandikwe juu ya kompyuta. Ilisema hivi:

"Salamu nyingi kutoka kwetu. Tunamshukuru Mungu, sisi wote tuko salama. Tunatumaini nanyi huko Kasongo mko salama."

Halafu ndipo waandike shida yao.

Mmoja tu alikataa. Furaha, muuguzi wa Wamaza, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuja Kasongo kuchukua dawa, akanikuta ofisini na watu.

"Papa, mugonjwa iko mbele yangu, damu inatoka, na weye unataka niandike sisi wote tuko salama?"

"Mama, weye unaingiaka nyumba ya watu bila hodi?"

"Ikiwa inawaka moto, naingia. Tena kwa dirisha!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaona amenivunjia heshima. Nikasema mbele ya wote kwamba barua isiyo na adabu itasomwa mwisho.

Tangu siku hiyo kila barua ya Wamaza ilianza na mistari yangu mitatu, neno kwa neno, bila kukosa hata nukta.

Nilijiona nimeshinda.

Aliyekuja kulipa ushindi huo anaitwa Sifa.

Sifa alikuwa mke wa Ramazani, mkulima wa Wamaza. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hapa Kasongo kwa kupasuliwa. Wakati ule alikaa kwetu wiki kadhaa akisubiri siku ya kujifungua, na mchana alikuwa anakuja kwenye baraza ya ofisi kubangua karanga. Alikuwa na utani huyo! Alinisikia nikimgombeza mtu kwa kukosa salamu, akasema, "Papa Phonie, siku ya kufa weye utamuambia Malaika angoje, hajakuuliza habari ya nyumbani." Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Aliposhika mimba ya pili, mimi, Furaha na mumewe tulipanga vizuri, maana aliyewahi kupasuliwa hazalii kijijini. Dalili ya kwanza tu, Furaha ananiandikia. Wanaume wanambeba Sifa kwa kipoyi, kile kitanda cha kubebea watu mabegani, mpaka njia panda, maana zaidi ya hapo daraja la magogo lilikuwa limevunjika na pikipiki haivuki. Pikipiki inatoka Kasongo inawakuta pale. Kutoka njia panda kuja Kasongo kuna njia mbili, kwa hiyo tulikubaliana asiondoke mtu pale, tusije tukapishana.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulitegemea kitu kimoja tu, barua.

Sasa kosa la pili.

Wauguzi wote niliwafundisha mimi, na niliwafundisha kama watu wa phonie. Kwa hiyo kila jambo zito walilituma mara tatu. Sanduku la seva likajaa, mashine ikawa nzito, na mimi macho yananiuma kusoma barua ileile mara tatu na kuipitisha kwenye daftari. Badala ya kumwandikia Neema mistari miwili, nilitaka siku akija akute mzee amejisuluhishia mwenyewe.

Kuna fundi wa simu hapa sokoni. Nikamweleza.

"Papa, iko programu inafuta ma-doublon yote, zile za kurudiarudia. Bure kabisa."

"Ni nzuri?"

"Papa! Ni ya Ulaya."

Wakuu, hilo ndilo lilikuwa jibu, nami nikatosheka nalo. Akaniwekea kwenye clé USB, kile kijiti cha kubebea mafaili, nikaiweka mfukoni pamoja na tasbihi yangu.

Jumamosi nikaiingiza. Ikaomba neno la siri la msimamizi, nikaipa. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, nami shule yangu ilikuwa ya Kifaransa. Ikauliza nichague moja kati ya mawili; nilielewa neno moja tu, la haraka, nikalibonyeza. Baadaye ndipo nilipokuja kuambiwa nilichochagua: isisome barua nzima, ilinganishe jina la mtumaji na mistari ya mwanzo tu. Ikifanana na barua aliyotuma wiki ile, basi ni marudio, ifutwe.

Mistari ya mwanzo tu. Kadi yangu.

Nikajaribu. Nikajitumia barua moja mara tatu, ikabaki moja. Nikapiga makofi peke yangu.

Jumatatu ripoti za wiki ziliingia, ya Wamaza ikiwemo. Baada ya hapo kukawa kimya. Jumanne kimya. Jumatano barua moja moja, za vituo ambavyo vilikuwa bado havijaandika wiki ile. Nikamwambia dereva, "Wiki hii Mungu ametupumzisha." Akatandika mkeka akalala kando ya pikipiki yake.

Jumatano hiyo asubuhi Sifa alishikwa na dalili. Furaha aliandika. Mara tatu, kama nilivyomfundisha. Akaanza na salamu, kama nilivyomlazimisha.

Mashine ikampa jibu mara tatu: "Ujumbe wako umepokelewa Kasongo." Kisha programu yangu ikaziona zimefanana na ripoti ya Jumatatu, ikazifuta zote tatu.

Wakaondoka. Wanaume sita, kipoyi, Sifa, Ramazani, na Furaha mwenyewe akiwafuata. Walilala kijiji cha njiani, Alhamisi mapema wakafika njia panda. Wakamlaza kwenye kibanda cha muuza mafuta ya mawese, wakasubiri mlio wa pikipiki.

Furaha alinisimulia baadaye. Jua lilipopanda wanaume walitaka kuendelea kwa miguu. Yeye ndiye aliyewazuia.

"Nikawaambia hapana. Papa Phonie amepokea, amenijibu mara tatu. Tukishika njia hii, naye dereva akapita ile, tutapishana."

Kila kelele ya mbali walisema ni pikipiki. Sifa naye akasema, "Papa Phonie ametoka, iko anasalimia watu njiani." Wakacheka, hata yeye alicheka kati ya uchungu na uchungu.

Walisubiri mpaka alasiri. Hali ilipobadilika wakanyanyua kipoyi, wakashika njia moja kwa kubahatisha. Hawakufika mbali. Sifa alifia mbele ya kijiji kidogo, mtoto akiwa bado tumboni.

Kwetu Waislamu maiti haiwekwi. Wakamzika Ijumaa asubuhi palepale kijijini, kando ya shamba la muhogo la watu wasiowajua.

Mimi Ijumaa hiyo nilitoka msikitini nimevaa kanzu safi. Mfanyabiashara wa baiskeli aliyetoka njia ile akanisimamisha.

"Papa, moto yenu, ile pikipiki, ilipotelea wapi? Watu walingojea pale njia panda siku muzima."

"Watu gani?"

Akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa, akanitajia Wamaza, kipoyi na kaburi.

Nilikwenda ofisini mbio. Nikafungua ile programu. Ilikuwa na orodha ya barua ilizofuta, na kwa kila barua ilikuwa imehifadhi mistari miwili ya mwanzo tu. Kutoka Wamaza, Jumatano, mara tatu:

"Salamu nyingi kutoka kwetu. Tunamshukuru Mungu, sisi wote tuko salama."

Hayo ndiyo yaliyobaki ya barua hizo. Yaliyofuata hayapo. Maneno ambayo Furaha aliyaandika kuhusu Sifa sikuwahi kuyasoma, wala sitayasoma.

(Hapa niliacha kuandika, nikatuma niliyokuwa nimefikia, nikarudi baadaye. Nimekuta wakuu wawili wameshajibu. Mmoja ameandika: "Mzee, yaani programu ya sokoni unaiweka kwenye seva ya wagonjwa? Huku kwetu ungekuwa ndani." Ni kweli, mkuu. Sina la kujitetea. Mwingine ameuliza kama nilisema ukweli siku hiyohiyo. Hilo ndilo linalofuata, na ndilo baya zaidi.)

Sikusema.

Nikaiondoa programu. Mkuu wa ofisi akauliza, nikamwambia réseau, yaani mtandao, ilikuwa mbaya. Hapa kila mtu anaiamini sentensi hiyo, maana kila siku ni ya kweli. Siku ile tu ndiyo ilikuwa uongo.

Baada ya arobaini, Ramazani alikuja Kasongo. Nilimwona kwa dirisha. Alikuwa amebeba kikapu cha mchele mpya kichwani.

"Salamu aleikum, Papa. Habari ya hapa? Mama iko muzima? Watoto?"

Akanijulia hali yote, mpaka ya mbuzi wangu. Kisha akaweka kikapu chini.

"Papa, nimekuja kukuambia aksanti. Furaha alituonyesha, ulijibu mara tatu. Tulijua umejaribu. Njia njo ilikataa, si weye. Usibebe hii kitu moyoni."

Nikapokea kikapu.

Wakuu, nikasema "aksanti, mwanangu," nikapokea kikapu kwa mikono miwili.

Mke wangu aliupika mchele ule. Akauliza umetoka wapi, nikasema kwa rafiki. Tonge la kwanza nililimeza, la pili nikalirudisha sahanini. Nikainuka nikaenda nje, na hapo ndipo nilipojua kwamba nikinyamaza mpaka kufa, nitakufa nimekula mchele wa Sifa.

Nikamwandikia Neema kila kitu. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alikuja, akakaa siku tatu na mashine, akaniita.

"Papa, kufuta ilikuwa kazi yake ya mchana. Ilikuwa na nyingine." Akanionyesha. Ile programu ilikuwa inatoa nakala za barua zetu na kuzipeleka mahali tusipopajua. Majina ya wagonjwa, magonjwa yao, mke wa nani ana nini. Na kuiondoa kwangu hakukuondoa kitu, mzizi ulibaki ndani kwa sababu niliipa neno la siri la msimamizi. Ilibidi seva ifutwe yote, ianzishwe upya, na vituo vyote viambiwe.

Nikamwambia mkuu wa ofisi ukweli mbele ya kamati. Wakaninyang'anya neno la siri. Wakaniacha nisome barua na kumwita dereva tu. Walinihurumia kuliko nilivyostahili.

Kisha nikapanda pikipiki mpaka njia panda, nikaendelea kwa miguu mpaka Wamaza. Njiani nilisimama kwenye lile shamba la muhogo. Kaburi limewekewa mawe. Nikamwombea tu.

Ramazani nilimkuta kwake, Furaha aliitwa. Nikasema yote nikiwa nimesimama: clé, fundi, neno la haraka, kadi, uongo wa réseau, kikapu.

Ramazani akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo tungeendelea na miguu asubuhi ile..."

Hakumaliza. Mimi pia sikummalizia.

Furaha aliondoka akaenda kituoni. Akarudi na kadi yangu, imeingia masizi ya taa, mashimo ya misumari pembeni. Akaniwekea mkononi.

"Miye njo niliwazuia, Papa," akasema. "Kila siku najiambia ni miye."

Nikamwambia si wewe. Nikarudia mara tatu. Sijui kama ilimfikia.

Wakuu, nimeandika haya kwa sababu humu mara kwa mara naona mtu anauliza, "Nimepata programu fulani ya bure, niiweke kwenye seva ya ofisi?" na watu wanamjibu "weka tu mkuu, iko poa." Kabla hujaiweka, jiulize nani anakaa njia panda akiisubiri hiyo seva yako. Mtafute aliyeifunga umwandikie mistari miwili. Kama huelewi lugha ya maelezo, usibonyeze neno moja unalolielewa. Na mashine inapokwambia "imepokelewa", ujue ni mashine imepokea, huenda mtu hajasoma.

La pili si la kompyuta. Nilidhani adabu ni mpangilio wa maneno. Leo kanuni yetu ni shida mstari wa kwanza, salamu ukipata nafasi. Barua za Furaha zinakuja hivyo: jina, ugonjwa, njia panda. Salamu haweki kabisa, mwaka sasa umepita. Nami sidai. Namwita dereva kwanza, ndipo namjibu kwa mkono wangu mwenyewe, "Nimesoma. Ametoka." Lile jibu la mashine tumelizima, najibu mimi.

Mwenye la kusema aliseme hapo chini, hata kama ni kunilaumu. Nitasoma kila moja mpaka mstari wa mwisho.

Na sasa salamu zenu, kama nilivyoahidi.

Salamu nyingi kutoka kwetu Kasongo. Tunamshukuru Mungu. Natumaini nanyi huko mliko mko salama.

Maneno niliyoyaruka hapo katikati mnayajua. Siyaandiki tena.